Hatua za Kusimamia Mradi wa Parokia: Kutoka Wazo hadi Makabidhiano



Wapendwa waamini, karibu kila parokia ina mradi ulioanzwa au unaokusudiwa: kanisa la kigango, nyumba ya mapadre, zahanati, kisima, darasa la chekechea. Fedha za miradi hiyo hutoka kwa watu tunaowafahamu. Mjane anayeuza mboga sokoni hutoa elfu moja aliyokuwa ameiwekea mafuta ya taa, kijana wa bodaboda hutoa pato la nusu siku, na familia ya mkulima hutoa debe la mahindi. Kwa sababu hiyo, mradi wa Kanisa ukikwama, hasara yake haiishii kwenye saruji iliyoganda ghalani. Imani ya watu kwa viongozi wao hupungua, na mara nyingine hata imani yao kwa Kanisa lenyewe.

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, aya ya 28 hadi 30, Bwana wetu anatoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara. Asipoketi kwanza na kupiga hesabu, ataishia kwenye msingi na watazamaji watamcheka. Kristo anafundisha hapo gharama ya kuwa mfuasi wake. Hatoi somo la ujenzi. Hata hivyo, mfano huo ulieleweka kwa sababu wasikilizaji wake walikwisha kuona minara ya namna hiyo. Sisi pia tumeona kuta zisizo na paa na nyasi zilizoota katikati ya msingi.

Makala haya yanaeleza hatua ambazo mradi hupitia tangu unapokuwa wazo hadi unapofungwa, ili kila mwamini, si wajumbe wa kamati peke yao, ajue nini cha kutarajia na nini cha kuuliza katika kila hatua.

Mradi ni nini?

Mradi ni kazi ya muda, yenye mwanzo na mwisho, inayofanywa ili kupata tokeo mahususi. Hapo ndipo unapotofautiana na shughuli ya kudumu. Kujenga zahanati ni mradi. Kuiendesha zahanati hiyo mwaka hata mwaka, kulipa waganga na kununua dawa, ni shughuli ya kudumu. Tofauti hii ni ya lazima kuizingatia, kwani parokia nyingi hukusanya fedha za kujenga bila kujiuliza nani atalipa gharama za kuendesha.

Wataalamu wa fani hii, hasa kupitia taasisi ya Project Management Institute iliyoanzishwa Marekani mwaka 1969, wamezoea kugawa usimamizi wa mradi katika makundi matano ya kazi: kuanzisha, kupanga, kutekeleza, kufuatilia na kudhibiti, na kufunga. Tusiyachukulie kama ngazi ambazo mtu hupanda moja na kuisahau. Ufuatiliaji, kwa mfano, huenda sambamba na utekelezaji, na mara nyingi unachokibaini huturudisha kwenye mpango ili tuurekebishe.

Katika hatua zote, mambo matatu hufungamana: ukubwa wa kazi, muda na gharama. Ukiongeza ukubwa wa kazi bila kuongeza muda au fedha, kitakachoumia ni ubora.

Hatua ya kwanza: Kuanzisha

Swali la hatua hii ni moja: je, mradi huu unahitajika kweli, na je, unawezekana?

Maandiko Matakatifu yanatupa mfano mzuri katika Kitabu cha Nehemia. Alipopata habari kwamba kuta za Yerusalemu zimebomoka, Nehemia hakukimbilia kuchangisha. Alifunga na kusali, akaomba ruhusa kwa mfalme Artashasta, akapata barua za kupita majimboni na barua ya kupewa mbao kutoka msitu wa mfalme. Alipofika Yerusalemu alitoka usiku na watu wachache, akazikagua kuta kwa macho yake kabla ya kuwaeleza wakuu wa mji alichokusudia. Sala, kibali, vifaa na ukaguzi wa mahali vilitangulia tangazo.

Tuanze na tatizo kabla ya kutaja jibu. Kamati inaweza kusema, “Tunahitaji zahanati,” kumbe kituo cha afya cha serikali kipo, na shida ya kina mama ni usafiri wa usiku. Hapo huenda gari moja na utaratibu wa zamu vikasaidia kuliko jengo. Waulizwe wenye shida wenyewe, katika jumuiya zao ndogo ndogo.

Baada ya hapo hufuata upembuzi yakinifu, yaani uchunguzi wa kujua kama jambo linawezekana. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inaudai kwa namna yake. Kanuni ya 1215 inasema kwamba kanisa lisijengwe bila idhini ya wazi na ya maandishi ya Askofu wa jimbo; naye asiitoe kabla ya kulisikiliza baraza la mapadre na wasimamizi wa makanisa ya jirani, na kuridhika kwamba kanisa hilo litafaa kwa wokovu wa roho na kwamba njia za kulijenga na za kuendeshea ibada hazitakosekana. Tuone kwamba kanuni haitaji fedha za kujengea peke yake. Inauliza pia uhai wa kanisa hilo baada ya ujenzi.

Uchunguzi huo usiache suala la ardhi. Vigango vingi vilipewa kiwanja kwa neno la mdomo na mzee aliyekwisha kufariki, na leo wajukuu wake wanataka mpaka upimwe upya. Kanuni ya 1284 inawataka wasimamizi wahakikishe kwamba umiliki wa mali za Kanisa unalindwa kwa njia zinazotambuliwa na sheria za nchi. Kwa hiyo hati itangulie jiwe la msingi. Tuangalie pia mazingira: katika waraka wa *Laudato Si’* wa mwaka 2015, namba 183, Baba Mtakatifu Fransisko alifundisha kwamba tathmini ya athari kwa mazingira ifanyike tangu mwanzo, na kwamba wenyeji wa mahali wawe na nafasi ya pekee katika majadiliano.

Hatua hii huishia kwenye andiko fupi, hata la kurasa mbili, linalotaja tatizo, lengo, makadirio ya awali, msimamizi, na mwenye mamlaka ya kuamua. Ikiwa jambo linapita mipaka ya uendeshaji wa kawaida, kanuni ya 1281 inadai kibali cha maandishi cha mwenye mamlaka kabla ya kutendwa.

Hatua ya pili: Kupanga

Kazi kubwa hupangika ikigawanywa vipande vidogo. Jengo la kanisa hugawanywa kuwa msingi, kuta, lenta, kenchi na bati, sakafu, milango na madirisha, umeme, samani. Kila kipande kipewe mhusika, muda na gharama. Kisha tuulize kipi hakiwezi kuanza kabla ya kingine kwisha. Mtaalamu wa Marekani Henry Gantt, mwanzoni mwa karne ya 20, alieneza chati inayoonyesha kazi kwa mistari ya mlalo juu ya kalenda. Hadi leo chati hiyo huweza kuchorwa kwenye karatasi ya manila na kubandikwa ukutani mwa ofisi ya parokia.

Kalenda yenyewe iwe ya mahali petu. Msingi usichimbwe masika yanapokaribia. Michango ya wakulima isitarajiwe kabla ya mavuno, wala ile ya wazazi isitarajiwe Januari wanapohangaika na ada. Zege nalo lina muda wake: hunyweshwa maji kwa siku kadhaa ili likomae, na kwa desturi ya wahandisi nguvu yake hupimwa katika siku ya 28. Fundi anayetaka kulitwisha mzigo mapema ili awahi sherehe asikubaliwe.

Bajeti iandaliwe na mkadiria majengo mwenye sifa, kisha itafsiriwe katika lugha ya kaya. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Tuseme makadirio ni shilingi milioni 120. Tukiongeza asilimia 10 kwa ajili ya dharura, tunapata milioni 132. Parokia yenye jumuiya 40 itahitaji milioni 3.3 kwa kila jumuiya. Jumuiya yenye kaya 15 itahitaji shilingi 220,000 kwa kila kaya. Kwa miaka mitatu, yaani miezi 36, hiyo ni takribani shilingi 6,100 kwa mwezi, ikiwa kila kaya itatoa bila kukosa. Zikitoa nusu tu ya kaya, kila moja italazimika kutoa zaidi ya 12,000. Hapo kamati ijiulize kwa unyofu: je, watu wetu wanaweza? Kama hawawezi, mradi upunguzwe, urefushwe muda, au ugawanywe kwa awamu. Wanaorefusha muda wakumbuke kwamba bei za vifaa nazo hupanda.

Awamu nazo zigawanywe kwa busara. Ni heri kungoja mwaka mmoja zaidi na kuwa na fedha za kutosha kufikisha kuta kwenye paa, kuliko kuziacha zinyeshewe misimu mitatu.

Mpango mzuri huorodhesha pia mambo yanayoweza kuharibika: bei ya nondo kupanda, mvua kuwahi, mfadhili kujitoa, mgogoro wa mpaka. Mbele ya kila hatari pawe na jina la atakayeifuatilia na hatua itakayochukuliwa. Katika parokia, hatari moja ni ya hakika: paroko atahamishwa. Basilika ya Mtakatifu Petro mjini Roma ilianza kujengwa mwaka 1506 na ikatabarukiwa mwaka 1626, baada ya miaka 120, ikipita mikononi mwa mapapa wengi na wasanifu wengi, akiwamo Michelangelo. Hakuna aliyeianza aliyeiona ikikamilika. Kwa hiyo michoro, mikataba na hesabu zikae katika ofisi ya parokia, si katika kichwa cha padre wala kwenye simu ya mwenyekiti.

Majukumu nayo yagawanywe. Yethro alimshauri Musa asibebe kesi zote peke yake, na Mitume waliwateua watu saba kwa huduma ya meza. Kanuni ya 537 inaagiza kila parokia iwe na baraza la mambo ya uchumi, la kumsaidia paroko katika usimamizi wa mali. Baraza hilo si la hiari. Na ndani ya mradi, anayeagiza vifaa asiwe yeye anayevipokea, wala anayevipokea asiwe yeye anayelipa. Utaratibu huu hautokani na kumdhania mtu uovu; humlinda mwaminifu asisingiziwe.

Hatua ya tatu: Kutekeleza

Hapa fedha nyingi hutumika, na vishawishi huongezeka. Zabuni zilinganishwe kwa maandishi. Mjumbe ambaye ndugu yake ameomba kazi aseme wazi na atoke nje ya kikao wakati wa uamuzi. Fundi, hata akiwa mwanajumuiya mwenzetu, asaini mkataba unaoeleza kazi, bei, muda, na kiasi cha malipo kwa kila sehemu itakayokamilika. Mkataba si dalili ya kutoaminiana. Ndugu wengi wamegombana kwa sababu kila mmoja alikumbuka makubaliano kwa namna yake.

Wafanyakazi watendewe haki. Kanuni ya 1286 inadai kwamba wasimamizi wa mali za Kanisa wafuate sheria za kazi na kuwalipa watu ujira wa haki. Kanisa haliwezi kuhubiri mafundisho jamii siku ya Dominika na kumcheleweshea kibarua ujira wake siku ya Jumatatu.

Mchango wa nguvu nao uthaminiwe. Sura ya tatu ya Nehemia inaorodhesha makuhani, wafua dhahabu, wafanyabiashara na mtu mmoja pamoja na binti zake, kila kundi na sehemu yake ya ukuta, wengine wakijenga mbele ya nyumba zao. Jumuiya isiyo na fedha inaweza kusomba mchanga, kuponda kokoto au kuwapikia mafundi. Kazi hiyo iandikwe na kupewa thamani yake, ili maskini asionekane hakutoa.

Kuhusu uchangishaji, Misa Takatifu isigeuke mkutano wa harambee. Matangazo yawe mafupi, na majina ya wasiotoa yasisomwe hadharani. Tukumbuke pia Kitabu cha Kutoka, sura ya 36: watu walipoleta vitu vya hema kupita kiasi kilichohitajika, Musa alitangaza waache kuleta. Kiongozi anayeweza kusema “inatosha” ataaminiwa atakapoomba tena.

Hatua ya nne: Kufuatilia na kudhibiti

Kufuatilia ni kulinganisha tulichopanga na kilichotendeka. Kudhibiti ni kuchukua hatua pale vinapotofautiana. Tuseme asilimia 60 ya fedha imekwisha kutumika, na mhandisi anasema kazi imefikia asilimia 40. Hilo ni onyo, hata kama ukuta unapendeza machoni. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Chanzo kimojawapo cha tofauti hiyo ni mabadiliko ya katikati ya safari. Mtu mashuhuri anatembelea ujenzi na kushauri mnara uongezwe. Wengine wanataka roshani ya kwaya. Ushauri unaweza kuwa mzuri, lakini usiingie kwa mdomo. Uandikwe, ukadiriwe gharama na muda, mhandisi atazame kama msingi unaubeba, kisha wenye mamlaka waamue.

Jambo la pili ni nia ya mtoaji. Kanuni ya 1267 inasema kwamba sadaka zilizotolewa na waamini kwa kusudi fulani zitumike kwa kusudi hilo tu. Kwa hiyo fedha za kisima zisihamishiwe kwenye bati za kanisa “kwa muda”, hata kama nia ni njema na kanisa linavuja. Aliyetoa kwa ajili ya maji alikuwa akiwaona watoto wanaotembea na ndoo, na fedha ile ilikabidhiwa kwetu kwa ajili yao.

Jambo la tatu ni uwazi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mtume Paulo, alipokusanya msaada kwa ajili ya waamini wa Yerusalemu, aliwatuma ndugu wengine pamoja na Tito, na katika barua ya pili kwa Wakorintho, sura ya 8, anaeleza sababu: alitaka mambo yaonekane kuwa mema mbele za Bwana na mbele za watu pia, asije mtu akawalaumu. Kanuni ya 1287 nayo inawataka wasimamizi wawape waamini hesabu ya mali walizotoa, kadiri ya taratibu za jimbo. Karatasi moja kwenye ubao wa matangazo kila baada ya miezi mitatu, ikionyesha kilichopokelewa, kilichotumika, kilichobaki na kazi iliyofikiwa, hunyamazisha minong’ono mingi.

Ufuatiliaji wa kweli unaweza pia kutuonyesha kwamba mradi hauwezi kuendelea kama ulivyo. Kuusimamisha kwa utaratibu, kulinda kilichojengwa na kuwaeleza waamini ukweli ni uongozi. Kuendelea kuchangisha huku kamati ikijua kwamba haitafika ni kuwadanganya maskini.

Hatua ya tano: Kufunga

Wengi hudhani mradi hufungwa siku ya sherehe. Kanuni ya 1217 inataka kanisa likikamilika litabarukiwe au angalau libarikiwe mapema iwezekanavyo, nasi hufurahi kwa haki. Lakini kabla au baada ya vigelegele kuna kazi isiyopigiwa makofi.

Mhandisi akague na kuorodhesha kasoro. Sehemu ya malipo ya mkandarasi, kadiri ya mkataba, izuiliwe hadi kipindi cha uangalizi kipite na kasoro zirekebishwe. Madeni yote yalipwe. Vifaa vilivyobaki vihesabiwe na kuandikwa. Hati ya ardhi, michoro, mikataba na stakabadhi zihifadhiwe parokiani, na nakala zipelekwe jimboni. Hesabu ya mwisho isomwe kwa waamini. Kamati ya ujenzi, baada ya kukabidhi, ivunjwe kwa shukrani. Kamati isiyovunjwa hutafuta kazi ya kufanya.

Kisha ifanyike tathmini ya ukweli: tulilenga nini, tumepata nini, tumejifunza nini? Kigango kinachofuata kisilipie tena somo lililokwisha kulipiwa.

Hatimaye makabidhiano. Nani atasafisha, nani atalipa umeme, nani atapaka rangi baada ya miaka mitano? Ukuta wa Yerusalemu ulikamilika kwa siku 52 na ukawekwa wakfu kwa nyimbo za shukrani. Lakini sura ya 13 inasimulia kwamba Nehemia aliporudi baada ya kutokuwapo, alikuta Tobia, yule yule aliyeipinga kazi, amepewa chumba ndani ya nyumba ya Mungu, mahali palipokuwa pa sadaka na zaka. Ukuta ulikuwa umesimama, ila uangalizi ulikuwa umelegea.

Maswali kwa jumuiya ndogo ndogo

Wapendwa, tunawaalika kuyajadili maswali haya kuhusu mradi uliopo kwenu kwa sasa:

1. Mradi wetu unajibu shida gani, na nani alituambia kwamba shida hiyo ipo?
2. Je, hati ya ardhi na kibali cha maandishi vipo, na vimehifadhiwa wapi?
3. Kila kaya inaombwa kiasi gani kwa mwezi, na je, kaya maskini zimefikiriwa?
4. Nani anaagiza, nani anapokea na nani analipa?
5. Ni lini mara ya mwisho tulisomewa hesabu?
6. Paroko akihamishwa kesho, je, anayekuja atakuta nyaraka zote ofisini?
7. Jengo likikamilika, gharama za kuliendesha zitatoka wapi?

Mwamini anayeuliza maswali haya kwa upendo haipingi kazi ya Mungu. Anashiriki kuilinda, naye apewe jibu kwa upole na kwa takwimu. Mwenyezi Mungu, aliyeianza kazi njema ndani yetu, atujalie kuikamilisha kwa uaminifu.